Waswidi wana "hen", sisi tuna "yeye"

Jumanne jioni, kikao cha wazazi hapa Göteborg kilimaliza nusu saa nzima kwa neno moja: hen. Waswidi wana han ya mwanamume na hon ya mwanamke. Hen, iliyoingia kwenye kamusi ya Akademia yao mwaka 2015, ni ya asiyetaka kutiwa kapu lolote. Mwanafunzi mmoja darasani kwa binti yangu ameomba aitwe hivyo, na wazazi wake wakataka sote tujue. Baba mmoja akalalamika kwamba ulimi wake unakataa. Nikacheka peke yangu.

Maana mimi miaka tisa sasa nachekwa kwa kumwita mwalimu mwenye ndevu zake hon. Ulimi wa Mombasa haujui mpaka huo. Kwetu ni "amekuja, amekula, amelala", na kama hukuwapo hujui ni Juma au ni Mwanaisha. Wenzetu wamelitafuta neno hilo mpaka wakaliunda. Sisi tumelinyonya pamoja na maziwa.

Kiburi changu kinaishia hapo. Lugha haiulizi, lakini shule zetu, jamani! Bwenini kwetu alikuwako mmoja tuliyemwita jikedume. Mwalimu wa zamu akamtoa mbele paredini, atembee tumwone anavyotembea. Akatembea, mikono kaibana mbavuni, soksi moja imeshuka. Shule nzima ikaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Muhula wa pili sanduku lake halikurudi.

"Baridi ya wazungu imekuozesha." Haya, andika, nimeshazoea. Lakini mwaka 2014 si mzungu, ni Mahakama Kuu ya Nairobi iliyoliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, aliyebadili jinsia, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Alama za mtihani alizipata kwa kichwa, si kwa sketi wala suruali.

Na wewe unayesema shule za huku zinageuza watoto: darasani hakuna anayegeuzwa. Jina linarekebishwa kwenye orodha ya mwalimu. Kunatafutwa choo chenye komeo na pembe ya kubadilishia nguo za michezo. Mtoto akichokozwa, shule ikijua, sheria inailazimu ichunguze na izuie. Basi. Wala sisemi Uswidi ni peponi. Foleni ya kliniki ya wanaotaka kubadili jinsia hapa inamzeesha mtu, na kikao chenyewe kiliishia kwenye ubishi wa nani alete keki.

Jumapili binti yangu alikuwa kwenye simu na nyanya yake, anamsimulia huyo rafiki: anacheza fidla, anaogopa mbwa, atakuja nasi Mombasa Desemba akiruhusiwa. Nikasubiri swali. Mama kasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Pweza anakula?"