Geji nitakuazima, rima naja nayo mwenyewe

Waulize wapenzi wa bunduki za shabaha kama kuna kifaa walichonunua kwa bei ya kuuma, wakakitumia siku moja, kisha kikalala. Kila mmoja anacho. Huyu ana spana ya nati ya mtutu ambayo haijatoka kabatini tangu abadilishe mtutu wa bunduki yake ya Savage. Yule ana geji, vipimo vya chuma vya kupimia nafasi ya risasi ndani ya bunduki, za risasi ambayo bunduki yake alishaiuza zamani. Mwingine ana rima, chuma kilichonolewa kwa ustadi wa ajabu, ambayo imechonga chemba moja tu, yaani tundu la mtutu linalokaa risasi, na sasa inasubiri mtutu huo uchakae ndipo ipate kazi tena. Kusanya vifaa vya watu sita wanaopiga shabaha uwanja mmoja, utapata karakana kamili. Vikibaki kila kimoja kwenye kabati lake, havimfai hata mwenyewe.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuazimana, ila nina masharti. Kila kifaa kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, na namna ya kukiazima itegemee madhara kinayoweza kuleta mikononi mwa asiyekijua. Sanduku la pamoja, lile la "tuchange, tununue, kila mtu achukue akitaka", silitaki kabisa. Kifaa cha wote hurudi na pengo na hakuna aliyekitumia mwisho.

Wapo wanaoona kuazimana ni dalili ya ubahili, kwamba mtu makini hununua vyake. Wanasahau vifaa hivi vilikotoka. Chukua Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza. Askari aliyebeba bunduki ile hakupewa kifaa cha kufungulia sindano ya kufyatulia, wala kibanio cha kusukumia kilenga cha mbele, wala geji. Vyote vilikuwa kwa fundi silaha wa kikosi, mtu mmoja mwenye seti moja kwa mamia ya bunduki, na kimoja kikipotea yeye ndiye aliyeulizwa. Bunduki zilipouzwa kwa raia ziliuzwa moja moja, na seti haikuzifuata.

Lee-Enfield No. 4 inalionyesha jambo hili vizuri kuliko bunduki yoyote ninayoijua. Kichwa cha bolti yake, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, hufunguka, na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi akikuta nafasi ya kufungia risasi imezidi, anajaribu kichwa cha namba ya juu, anapima, bunduki inarudi kazini. Ni mpango mzuri sana kwa mwenye vichwa vyote na geji mkononi. Mwenye bunduki moja ana kichwa kimoja, na hata namba iliyochongwa juu yake haimhakikishii kitu, maana vichwa vya namba moja vinaweza kutofautiana kidogo. Ila watu watano wenye No. 4 wakikutana na vichwa vyao, pamoja na mmoja mwenye geji, mpango ule wa fundi wa kikosi umerudi kama ulivyokuwa.

Geji naziweka mbele ya vyote. Bunduki ya bolti huishika risasi kati ya uso wa bolti na pale ndani ya chemba ganda linapogota: kwenye bega la ganda kwa risasi za .308 Winchester au .30-06, kwenye ukingo wa kitako kwa .303 British. Nafasi hiyo ikiwa finyu, bolti haifungi. Ikizidi, ganda linavutika kila risasi inapolipuka, na siku moja linakatika juu kidogo ya kitako, gesi ya moto ikatafuta njia ya kurudi usoni kwa mpigaji. Kwa .308, kipimo cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya bunduki na risasi, cha geji ya GO, ambayo bolti inatakiwa ifunge juu yake, ni inchi 1.630, na cha NO-GO, ambayo inatakiwa iikatae, ni inchi 1.634. Hiyo ni tofauti ya milimita 0.1 hivi, unene wa karatasi moja ya kuandikia. Jicho haliioni, na bunduki haikwambii chochote mpaka ikwambie kwa kishindo.

Na kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Unahakikisha bunduki haina risasi, unasafisha chemba, unaitoa bolti na kuiondolea kikucha cha kutolea ganda na kile kipini cha kulirusha kama muundo unaruhusu, unaingiza geji, unairudisha bolti, kisha unashusha mkono wake kwa ncha ya kidole. Kwa ncha ya kidole, si kwa kiganja. GO inatakiwa ifunge, NO-GO ikatae, na pale inapoanza kugota ndipo jibu lako lilipo. Bolti ya kuzungusha ina nguvu kubwa ya kubana, kwa hiyo anayeisukuma anaweza kuifunga juu ya NO-GO iliyokuwa imeshakataa. Ataondoka na jibu la uongo, na mwenye geji atarudishiwa iliyokwaruzwa. Kwa bunduki iliyotumika sana kuna geji ya tatu, FIELD, ambayo kwa .308 ni inchi 1.638. Ikifunga juu ya hiyo, usiipige tena hadi fundi aione.

Geji namwazima yeyote mwenye bunduki halali, hata nisiyepatana naye. Akilipukiwa uwanjani, huenda mimi ndiye niko meza ya pembeni. Ninalodai ni aifute kabla ya kuirudisha. Adui wa geji ni jasho: ishike kwa vidole vitupu, iweke ndani ya kasha lake bila tone la mafuta, na baada ya muda utakuta alama ya kidole chako imejichora juu ya chuma kwa kutu, mstari kwa mstari. Kwenye kifaa ambacho kazi yake yote ni uso laini wa urefu uliopimwa, hilo si doa la kufumbia macho. Pia zisitenganishwe. GO ya mtengenezaji mmoja ikioanishwa na NO-GO ya mwingine, tofauti ndogo za viwanda zinaingia katikati ya kipimo chenyewe.

Kampuni ya Savage imeufanya mjadala huu uwe wa watu wengi zaidi. Model 110 ilipotoka mwaka 1958, mtutu wake ulifungwa kwa nati, na muundo huo ndio unaomwezesha mwenye bunduki leo kununua mtutu uliokwisha kuchongwa chemba, kulegeza nati, kuufunga mpya na kuweka nafasi ya risasi mwenyewe kwa kutumia geji. Spana ya nati na jiliwa ya mtutu hutumika saa moja, kisha basi, labda kwa miaka. Sioni sababu ya kila mtu kununua yake. Chuma hicho hakina usiri wala ugonjwa. Kikirudi kina mchubuko kidogo, kitaendelea kufanya kazi ileile. Spana za kushikia risiva, yaani kiwiliwili cha bunduki ambamo mtutu hufungwa, za aina nyingine za bunduki ni vivyo hivyo, mradi atakayeazima aseme ni ya risiva ipi, kwa sababu ya Mauser 98 haitaishika Remington 700 sawasawa, na risiva iliyopindwa hainyooki.

Rima ni habari nyingine.

Rima ndiyo inayochonga chemba ndani ya mtutu, na makali yake ni membamba kiasi kwamba kosa dogo tu linayala. Inakata ikienda upande mmoja. Irudishe nyuma ikiwa ndani, makali yanaweza kumeguka. Isukume bila mafuta ya kutosha, au usahau kuitoa mara kwa mara na kuipangusa, na vile vipande vya chuma vinavyojaa kwenye mifereji yake vitaburuzwa ukutani mwa chemba na kuacha mkwaruzo unaozunguka. Kila ganda litakalopigwa humo litatoka na mstari huo huo, ushahidi wa siku ile hadi mtutu ufe. Wapo wanaosema, si inanolewa tu? Inanolewa, ndiyo, lakini kila kunoa kunapunguza kipenyo, na rima iliyopungua inachonga chemba iliyopungua. Kukopa harusi, kulipa matanga: mkopaji huona atanunua nyingine ikiharibika, ilhali rima nyingi nzuri hutengenezwa kwa agizo na hungojewa kwa miezi.

Kwa hiyo rima yangu haitembei peke yake. Anayeihitaji tunapanga siku, naja nayo, tunasimama pamoja kwenye mashine ya kukerezea ya anayejua kuitumia, na ikimaliza naondoka nayo. Pamoja nayo linakuja daftari lake: imechonga mitutu mingapi, ya chuma gani, ilinolewa lini. Nje ya hapo, Marekani kuna wafanyabiashara wanaokodisha rima kwa posta, na kwa mtu asiye na wenzake karibu huo ni msaada wa kweli. Mimi na watu ninaopiga nao shabaha tuna kitu bora kuliko posta, ambacho ni kuonana uso kwa uso.

Faida ambayo hutajwa mara chache ni kwamba watu waliochonga chemba zao kwa rima moja wana chemba zinazofanana karibu kabisa. Kalibu moja ya kurudishia ganda umbo lake inaweza kuwatosha wote. Mmoja akigundua ganda linabana mahali fulani, wenzake wameshajua pa kuangalia. Kwa wanaojaza risasi zao wenyewe hilo ni punguzo la gharama na la kubahatisha kwa pamoja.

Lakini hatari kubwa iko hapo hapo. Rima nyingi za mashindano hazifuati vipimo vya kiwandani. 6mm PPC, risasi ya mashindano ya shabaha iliyobuniwa na Louis Palmisano na Ferris Pindell katikati ya miaka ya 1970, huchongwa sana kwa shingo ya inchi 0.262, na ganda lake ni lazima lipunguzwe unene wa shingo kwanza. Risasi yenye shingo nene mno kwa chemba hiyo, hata ikikubali kuingia, inakosa nafasi ya kutanuka na kukiachia kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda vibaya. Leo wewe unajua. Mtutu utakapouzwa, wa kesho hatajua. Ndiyo maana nina neno moja kwa kila anayetumia rima yangu: mashine haizimwi mpaka jina la risasi na kipimo cha shingo vigongwe kwenye mtutu. Nimewahi kuambiwa kwamba namharibia mtu urembo wa bunduki yake. Basi aiazime kwa mwingine.

Sheria nayo ina lake. Geji au spana kwa kawaida si silaha, na ndiyo maana kukipeleka kifaa kwenye bunduki ni rahisi kuliko kuipeleka bunduki kwenye kifaa. Ila mstari upo. Marekani kupitia Gun Control Act, na Uingereza kupitia Firearms Act, zote za mwaka 1968, zinamtaka anayetengeneza bunduki za watu kama biashara awe na kibali au usajili. Kumsaidia mwenzako ashughulikie bunduki yake ni jambo moja. Kuanza kupokea malipo na kubaki na bunduki za watu nyumbani ni jingine. Uingereza kuna pia suala la mtutu kujaribiwa kwa shinikizo kubwa kwenye nyumba za majaribio za London na Birmingham: mtutu mpya au uliochongwa upya hauuzwi kabla ya kupita huko. Kila mtu asome sheria ya kwake kabla ya kugusa nati.

Fundi bunduki mmoja alinilalamikia kwamba tunamla mkate. Sikubaliani naye, ingawa namwelewa. Anayepima kwa geji ya kuazima na kukuta nafasi imezidi, anakwenda wapi kama si kwa fundi? Asiyepima anaendelea kupiga akidhani mambo shwari. Tena ningependa rima na geji nyingi ziwe kwake yeye, sisi tukimlipa saa zake, kuliko zilivyotawanyika sasa. Mafundi wachache wanakubali mpango huo. Wengi hawataki bunduki ambayo mwenyewe ameshaanza kuifungua, na kwa jinsi nilivyoona skrubu za baadhi ya wenzangu zilivyochanwa na bisibisi za jikoni, siwalaumu.

Kamera za kuchungulia ndani ya mtutu zimeshuka bei sana, kwa hiyo hizo siku hizi kila mtu anunue yake. Na jigi ya kunolea kifyatuo, kile kifaa cha kushikia sehemu zake zinaponolewa, siiazimi, hata nikifuatana nayo. Geji ikitumiwa vibaya inatoa jibu baya, rima inaharibu mtutu. Sehemu za kifyatuo zikinolewa kwa pembe isiyo yake, bunduki inaweza kulia yenyewe bolti inapofungwa kwa kishindo au kitako kinapogonga chini, tena si lazima siku hiyo. Inaweza kupita kila jaribio mezani, kisha ikafyatuka mwezi ujao mikononi mwa mtoto wa mwenye bunduki. Anayetaka kifyatuo chepesi anunue kilichotoka kiwandani kikiwa hivyo, akipeleke kwa fundi kifungwe, na bisibisi ya kupimia nguvu ya kukazia skrubu za risiva nitamwazima siku hiyo hiyo.