Mwanafunzi wa sheria katika chumba cha usuluhishi

Kila mahakama inapowafungulia wanafunzi wa sheria mlango wa usuluhishi, huibuka lalamiko lile lile: mwenye uwezo hukodi msuluhishi aliyebobea, asiye na uwezo hugeuzwa somo la mtu anayejifunza. Halitoki kwa wabishi tu. Wadaawa wengi (wenye shauri mahakamani) wa madai madogo hawana wakili, na makubaliano yakishatiwa saini na kupokewa na mahakama, kwa kawaida hutekelezwa kama amri yake. Mwanafunzi akiyapindisha bila kujua, mdaawa asiye na wakili hana wa kumzindua.

Hata hivyo, lalamiko hilo linamwona mwanafunzi akiwa peke yake kwenye kiti cha msuluhishi, na programu inayojiheshimu haimweki hapo. Humpa kwanza mafunzo (katika majimbo kadhaa ya Marekani msuluhishi wa mahakama huanza na saa 40), kisha humketisha pembeni atazame, kisha humruhusu asuluhishe sambamba na mzoefu. Kikao kikiisha, wawili hao hukirudia hatua kwa hatua. Mdaawa hapo amepata watu wawili wanaomsikiliza, mmoja wao akiwa hajachoka na mashauri.

Kuna jambo wapinzani hawalipi uzito wake. Darasani mwanafunzi husoma hukumu, na hukumu ni mgogoro uliokwisha kuchujwa; hakimu amebakiza yale tu yanayoihusu sheria. Chukua mteja aliyekataa kumlipa fundi salio lake. Jalada linauliza nani alivunja mkataba, na mwanafunzi hodari atakuwa na jibu kabla hajaingia chumbani. Kisha katika kikao cha faragha, msuluhishi akimsikiliza kila mmoja peke yake, mteja anasema aliacha kulipa siku fundi alipoacha kupokea simu zake, naye fundi, kwa upande wake, anasema aliacha kupokea kwa sababu ya matusi. Salio halijabadilika hata senti moja, lakini sasa inajulikana ni neno gani linatakiwa kusemwa kwanza, na nani alitamke. Mwanafunzi aliyezoezwa kumbana shahidi kwa maswali ya ndiyo au hapana hujikuta akilazimika kuuliza swali ambalo jibu lake halijui, kisha anyamaze. Sijaona mtihani wa chuo unaopima kunyamaza huko.

Na huko, nje ya hukumu, ndiko kazi ya wakili iliko. Mwaka 1962, asilimia 11.5 ya mashauri ya madai yaliyomalizika katika mahakama za shirikisho za Marekani yalifika kwenye kusikilizwa kikamilifu. Mwaka 2002 ilikuwa asilimia 1.8. Takwimu hii isivutwe kupita kiasi: si mashauri mengine yote yaliyokwenda kwa msuluhishi. Mengine yalifutwa, mengine yaliondolewa, mengine yaliamuliwa kwa nyaraka. Lakini hata ukiyatoa hayo, umebaki na wakili ambaye chuo kimemwandaa kwa mashauri yasiyofika mawili kati ya mia. Kanuni za Chama cha Mawakili cha Marekani zilizopitishwa mwaka 2014 zilidai angalau krediti 6 za kujifunza kwa vitendo, ilhali shahada yenyewe haipungui krediti 83. Sita kwa 83! Ukiuondoa na mlango wa mahakama, mwanasheria huyo atamwona mdaawa wa kwanza akiwa tayari anamtoza ada.

Hoja kwamba mwanafunzi atavujisha siri za kikao ni nyepesi kuliko inavyosemwa. Mwanafunzi hutia saini ahadi ile ile anayotia msuluhishi, na shajara yake ya masomo haibebi majina wala maelezo ya kumtambulisha mtu. Ridhaa ndiyo inayonisumbua. Karani akimwuliza mdaawa mlangoni, dakika chache kabla ya kikao, kama ana pingamizi na mwanafunzi kuwemo, mdaawa atasema hana, kwa hofu ya kupoteza zamu yake. Hiyo si ridhaa. Aulizwe mapema, kwa lugha anayoielewa, na akikataa zamu yake ibaki pale pale. Hapa wapinzani wana haki kamili, na programu isiyoweza kutimiza hilo isipewe wanafunzi.

Lipo pia suala la malipo, ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Hadi mwaka 2016, kanuni hizo hizo za Marekani zilimzuia mwanafunzi kupokea krediti na ujira kwa mafunzo yale yale ya nje ya chuo. Zuio liliondolewa, lakini ruhusa ya kulipa haijazi mfuko wa mtu. Mwanafunzi anayefanya kazi usiku ili apate karo hawezi kukaa mahakamani asubuhi nne kwa wiki bila chochote, na huenda yeye ndiye aliyekulia katika nyumba iliyowahi kupokea hati ya kuitwa mahakamani, anayejua jinsi mtu anavyoishika mkononi akiwa haielewi.