Sahani ya Kikohozi na Swali Lililoachwa Njiani

Ukishamsikia mtu akikohoa kifaduro, hutasahau. Kikohozi hufuatana mkupuo mmoja, bila nafasi ya kuvuta hewa, macho yanatoka, uso unaiva, halafu pumzi inarudi kwa mlio mrefu mwembamba. Mtoto wa wiki chache mara nyingi hana hata huo mlio. Yeye hunyamaza tu, pumzi imekatika. Hao wachanga, ambao bado hawajamaliza chanjo zao za kwanza, ndio wanaokufa zaidi. Ndiyo maana inaniuma kuona utafiti wa bakteria wa kifaduro ulivyochukuliwa kwa miaka mingi kama kazi iliyokwisha.

Bakteria mwenyewe, Bordetella pertussis, alioteshwa maabara mara ya kwanza na Jules Bordet na Octave Gengou mjini Brussels, wakatangaza matokeo yao mwaka 1906. Ni mdudu mgumu kulisha. Walilazimika kumwandalia chakula cha viazi, gliserini na damu, na hata hapo alikua polepole.

Lakini watu ninaowaheshimu kuliko wote katika habari hii ni Pearl Kendrick na Grace Eldering. Walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya afya ya umma huko Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, wakati wa dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930. Jioni, baada ya saa za kazi, walikwenda nyumba kwa nyumba kwenye familia maskini zenye wagonjwa, nyingine zikiwa na mwanga wa taa ya mafuta tu. Walimshikia mtoto sahani yenye kile chakula cha bakteria mbele ya mdomo, akakohoa juu yake, wakairudisha maabara na kusubiri kitakachoota. Waliiita sahani ya kikohozi.

Sahani hizo hazikuwa za kutambua ugonjwa peke yake. Kendrick na Eldering walitaka kujua mtoto anaendelea kubeba bakteria hadi lini, maana hilo ndilo linaloamua atamwambukiza nani. Wakagundua kwamba wengi huendelea kuwabeba kwa wiki kadhaa, na kwamba kumtenga mgonjwa kwa wiki tano kunatosha. Ndipo wakaijaribu chanjo yao, iliyotengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa, kwa kuwalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa kwa uangalifu ambao haukuwa wa kawaida wakati huo. Chanjo ikafanya kazi, na katika miaka ya 1940 ikaunganishwa na zile za dondakoo na pepopunda.

Chanjo hiyo ilikuwa na homa na uvimbe wake, na katika miaka ya 1970 hofu juu yake ilipanda. Uingereza wazazi wengi waliacha kuwachanja watoto, na milipuko ikafuata. Japani ilisimamisha chanjo mwaka 1975 baada ya vifo vya watoto wawili. Mwaka 1979 nchi hiyo ikapata wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41. Basi kutafuta chanjo laini zaidi lilikuwa jambo la haki kabisa. Ikapatikana: badala ya bakteria mzima, vipande vichache vya protini vilivyosafishwa. Japani ilianza kuitumia mwaka 1981, na nchi nyingi tajiri zikafuata katika miaka ya 1990.

Hapa ndipo ninapolalamika. Chanjo mpya ilipimwa kwa kuuliza kama mtoto ataugua. Swali la zile sahani, kama bado anabeba bakteria, halikupewa uzito wake. Jibu lilikuja mwishoni mwa 2013, watafiti wa Marekani walipowachanja nyani na kisha kuwaambukiza. Waliopata chanjo ya vipande hawakuugua, lakini bakteria walikaa kooni mwao kwa wiki kadhaa na wakapita kwa nyani wengine. Waliopata chanjo ya zamani waliwaondoa bakteria haraka zaidi. Waliowahi kuugua hawakuwabeba kabisa.

Nisieleweke vibaya. Chanjo ya vipande inaokoa maisha, na mtoto asiyechanjwa yuko hatarini kuliko yeyote. Ila kinga yake hupungua mapema kuliko tulivyotarajia, na kijana au mtu mzima mwenye kikohozi kidogo tu anaweza kumpelekea mchanga ugonjwa bila kujua.

Wakati huohuo bakteria naye anabadilika. Protini iitwayo pataktini imo katika chanjo nyingi za vipande. Sasa katika baadhi ya nchi zinazotumia chanjo hizo wamejaa bakteria wasioitengeneza kabisa. Nchini China wengi hawasikii tena dawa za kundi la makrolaidi, ambazo ndizo tegemeo la kwanza la matibabu. Na mambo ya msingi bado yanafumbuliwa: ni mwaka 2022 tu ambapo watafiti wa Japani walionyesha, kwa panya, jinsi sumu ya bakteria huyu inavyoshirikiana na vitu vyake vingine viwili kuamsha mishipa ya fahamu inayoleta kikohozi. Miaka 116 baada ya Bordet na Gengou!

Kuna chanjo ya kupuliza puani inayojaribiwa kwa watu, BPZE1, ya bakteria hai aliyedhoofishwa, iliyobuniwa Lille, Ufaransa, na lengo lake ni hasa kumzuia bakteria asikae mlangoni. Naitakia kila la heri. Kwa sasa, mjamzito achanjwe. Uingereza ilianza hivyo mwaka 2012, na kinga ya mama imewalinda sana wachanga katika miezi yao ya kwanza.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti za maabara ni dogo. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kinatoa jibu haraka, nacho ni kizuri kwa mgonjwa, lakini hakikuachii bakteria hai wa kujaribiwa dawa wala kuchunguzwa protini zake. Maabara nyingi zimeacha kuwaotesha kwa sababu ni kazi ya siku nyingi. Tengeni fedha ili angalau sehemu ya sampuli ziendelee kuoteshwa, hata kama sahani itabidi isubiriwe wiki nzima.