Darasa la Kiswahili Lisiwe Bubu

Kila Januari karatasi ya manila hubandikwa ukutani katika madarasa ya Gredi ya 7 hapa Kenya. Juu yake huandikwa kwa kalamu nyekundu "Kanuni za Darasa", na chini hufuata usi juu ya usi. Usichelewe. Usipige kelele. Usitoke bila ruhusa. Usizungumze Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani. Nimezibandika mimi pia katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, nikiamini kwamba mwalimu hodari hujulikana kwa darasa lililotulia tuli. Mwalimu mkuu akipita dirishani na kuwakuta watoto wameinamia vitabu, hutikisa kichwa akaridhika, akaenda zake.

Sasa kimya hicho kinanitia hofu. Darasa la hisabati linaweza kunyamaza nusu saa na kazi ikasonga. La lugha likinyamaza mchana kutwa, kuna kitu hakifanyiki. Kwenye ratiba yangu Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki, na mtoto anaweza kuketi vyote vinne bila kutamka sentensi hata moja iliyotoka kichwani mwake mwenyewe. Ameitikia "ndiyo, mwalimu" pamoja na wenzake, amenakili maelezo ya ubaoni, amejaza mapengo. Ijumaa tunamhesabu miongoni mwa waliofundishwa.

Ndiyo maana nasema tarajio la kwanza la darasa hili liwe kwamba kila mwanafunzi atasema kitu chake na kuandika kitu chake katika kila kipindi. Kila mmoja, si wale sita wa mbele wanaonyoosha mikono kabla swali halijaisha. Kanuni nyingine zote zipimwe kwa hilo. Isiyolisaidia ing'olewe ukutani.

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonibadilisha. Kipindi kina dakika 40. Nina wanafunzi 58. Kama mimi sitafumbua kinywa kabisa na kila mmoja azungumze kwa zamu, atapata sekunde 41. Ukitoa salamu, kugawa vitabu na kufuta ubao, zitabaki labda sekunde 25. Kwa mtindo wa mwalimu kuuliza na mtoto mmoja kujibu, haiwezekani darasa zima likaongea hata ungekuwa na nia njema kiasi gani. Linawezekana tu wakizungumza wengi kwa wakati mmoja, wawili wawili, na hilo bila taratibu zilizozoeleka hugeuka soko. Kwangu mimi basi taratibu ni za kuleta sauti nyingi kwa mpangilio. Tumezitumia muda mrefu mno kuziua.

Na hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta. Bibi zetu walikuwa nazo kabla ya shule kujengwa. Mtu akisema "Kitendawili!", wote hujibu "Tega!" Hapo hakuna aliyeombwa anyamaze, lakini kila mtu ananyamaza na masikio yanasimama. Akitega, wengine hukisia. Wakishindwa, humpa mji, naye hutaja mji anaoutaka, aeleze alivyokaribishwa huko, kisha atoe jibu. Ukiuangalia vizuri utaratibu huo utakuta kila ninachokihitaji darasani. Kuna ishara ya kuanza inayojulikana na wote, kuna zamu, kuna nafasi ya kukosea bila aibu, na kuna malipo kwa aliyetega vizuri. Aliyepewa mji anapata hadhira na kibali cha kuzungumza kwa muda. Mtoto asiyeweza kusimama kujibu swali la ufahamu utamsikia akieleza kwa dakika nzima alivyopokewa Mombasa kwa biriani.

Kwa hiyo kipindi changu hakianzi kwa "simameni, ketini". Kuna mwanafunzi wa zamu aliyejiandaa tangu jana, na ninapovuka kizingiti tu yeye ndiye anayeanza: "Kitendawili!" Aliye ukumbini anakimbia kuingia. Aliyekuwa anatafuta kalamu anaitafuta kimyakimya. Siku za kwanza wanaleta vile vya vitabuni, kuku wangu katagia miibani, nyumba yangu haina mlango. Kufikia Machi wanatunga vyao, vya chaja na tokeni za umeme, na hapo ndipo ninapojua kwamba istiari imeingia bila kuitaja jina. Dakika tano zimeshapita, na hakuna aliyeniuliza tunafanya nini leo.

Kinachofuata ni jambo dogo ambalo ningemsihi kila mwalimu mwenzangu alijaribu kabla hajajaribu lingine lolote. Swali halijibiwi kwangu kwanza. Linajibiwa kwa jirani wa dawati. Nikiuliza kwa nini mhusika alidanganya, nasema "mwambie jirani", kisha nahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Baada ya hapo ndipo namwita yeyote, awe amenyoosha mkono au hajanyoosha. Hakuna anayestuka kwa sababu ameshalisema jibu lake mara moja, limeshasikika mahali salama. Akitaka anaweza kutoa la jirani: "Mwenzangu anasema..." Wengi wa wale wapole huanzia hapo, kwa kusema ya wenzao, wiki mbili tatu, hadi siku moja waseme "mimi naona".

Katazo moja nimelibakisha, nalo silitanii hata kidogo. Hakuna kumcheka mtu kwa matamshi. Watoto wangu wanatoka katika nyumba za lugha nyingi. Kuna anayesema "rakini", kuna ambaye shamba kwake ni "samba". Mtaani wanaliita jambo hilo kushrabu, na umri wa miaka 12 hadi 14 hauna silaha kali kuliko kicheko cha darasa. Niliwahi kuwa na msichana aliyeandika vizuri kuliko wote na hakuzungumza muhula mzima. Nilipomuuliza faraghani alinieleza neno moja, moja tu, alilochekewa akiwa Gredi ya 4. Miaka mitatu alikuwa amelibeba. Tangu siku hiyo, mtu akicheka tunasimamisha kazi yote, aliyechekwa anamaliza sentensi yake, kisha tunaendelea. Simwaibishi aliyecheka. Lakini sentensi lazima imalizike.

Kuhusu Sheng najua wengi hawatakubaliana nami. Wazee wetu wanakumbuka kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, naye akizunguka nacho hadi amnase mwingine. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili pia. Hata hivyo roho ya kibao bado inatembea. Tunayo orodha ya "wazungumzaji Sheng" mikononi mwa viranja, tunazo faini za shilingi kumi, na tunajidanganya kwamba tunakuza Kiswahili. Tunachokuza ni woga. Mtoto asiye na neno sanifu, ukimnyang'anya la mtaani, hana la kusema.

Mimi nimetenga kona ya ubao. Neno la Sheng likitoka katikati ya mazungumzo tunaliandika hapo na mazungumzo yanaendelea. Mwishoni darasa linatafuta sanifu lake, na mara nyingi tunapata mambo ya kushangaza. Waliamini "hepa" ni neno la vijiweni. Wakafungua kamusi wakalikuta limetulia humo, na maana ileile ya kukwepa. Watoto wale walisoma kamusi siku hiyo kwa hamu ambayo sikuwahi kuipata kwa kuwaamuru. Kazi ya kuandikwa na hotuba ya mbele ya darasa ni lazima ziwe kwa Kiswahili sanifu, hapo silegezi. Mtoto ajue tofauti ya mahali na mahali. Ndivyo watu wazima wanavyoishi.

Sasa niseme kuhusu kuandika, kwa sababu hapa ndipo tulipoharibikiwa zaidi. Tangu 1985 hadi 2023 tuliishi na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na insha yake ilikuwa ya dakika 40. Tulifundisha kwa ajili ya dakika hizo. Tukawapa watoto mapambo ya kukariri, nao wakayapanga kama shanga. Kila insha ya nchi hii ilianza alfajiri, jogoo akiwika, jua likichomoza mashariki kwa miale ya dhahabu, mwandishi akirauka mithili ya kitu fulani. Mtoto wa Turkana na wa Lamu waliamka asubuhi ileile. Mtihani ule umeondoka, lakini mapambo bado yamo kwenye madaftari ya Gredi ya 7, yamerithiwa kutoka kwa kaka na dada. Naamini tuliwafanyia watoto dhuluma. Tuliwafundisha kwamba maisha yao hayatoshi kuandikwa.

Kwa hiyo kuna daftari dogo, kurasa 48, la sentensi tano kila siku. Sheria yake ni moja, uandike ulichokiona wewe kati ya nyumbani na shuleni. Haliwekewi alama. Dakika saba, wote, na mimi pia naandika langu nikiwa nimeketi, kwa sababu watoto hutazama mikono ya mwalimu kuliko maneno yake. Wiki ya kwanza jua bado lilichomoza. Wiki ya tatu mvulana mmoja aliandika kwamba makanga wa basi alimwambia nyanya yake ashuke na mguu wa kushoto, nyanya akajibu kuwa huo wa kushoto ndio unaomuuma, basi lote likangoja. Sentensi chache tu. Hakuna mithili, hakuna methali, na darasa zima lilimwona yule nyanya. Nilimwomba asome mara mbili.

Wenzangu huniuliza nasahihishaje madaftari 58. Siyasahihishi yote. Kila wiki tunachagua kosa moja. Wiki ya ngeli ya KI-VI nazungushia "kiti yangu" na "kitabu yake" pekee, na mwenye daftari ndiye anayesahihisha. Mengine nayaacha yalivyo hadi zamu yao ifike. Mzazi mmoja alikuja na daftari mkononi, amekasirika, na haki yake.

"Mwalimu, hapa kuna makosa saba na umeonyesha mawili. Unamfundisha nini mtoto wangu?"

Nikamwambia, "Mama, keti tuangalie pamoja." Tukafungua kurasa za Februari, kisha za Mei. KI-VI ilikuwa imenyooka. Kurasa zilikuwa zimerefuka maradufu. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika kidogo ili akosee kidogo, na nimeliona hilo mara nyingi mno kulitilia shaka. Hakuondoka amekubali kila kitu, lakini aliniachia daftari.

Kimya nacho kina siku yake. Alhamisi tunasoma dakika kumi, kila mtu na chake, mimi nikiwemo. Vitabu havitoshi, kwa hiyo kuna sanduku lenye hadithi zilizochakaa, vijitabu vya afya, na kurasa za Taifa Leo ninazozikata na kuzibandika kwenye kadibodi. Siulizi maswali baadaye. Hilo tu.

Najua jibu la wanaoharakia silabasi: muda uko wapi, na KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, inasubiri? Kundi la kwanza liliufanya mtihani huo mwaka 2025, na kila mzazi sasa anauliza alama. Lakini katika matokeo ya mwisho mtihani wenyewe unachukua asilimia 60. Asilimia 20 inatokana na tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na 20 nyingine inatoka kwenye KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6. Tena mtaala umetaja kusikiliza na kuzungumza kabla ya kusoma, kuandika na sarufi. Kama tunakiruka cha kwanza ili tuwahi cha mwisho, si silabasi tunayoifuata.

Kuna jambo jingine kuhusu umri huu ambalo watunga kanuni hulisahau. Tangu 2023 wanafunzi hawa wa sekondari ya chini wamo ndani ya nyua za shule za msingi, gwaride moja na watoto wa Gredi ya 1, na wengi wao wanalionea uchungu. Sauti zinakwaruza, miguu imerefuka, wanataka kutendewa kama watu. Ukiwabandikia usi kumi na nne umewaambia bado ni wadogo. Wiki ya kwanza ya mwaka mimi siji na kanuni yoyote. Tunaziandika pamoja, na zinakuwa andiko lao la kwanza la Kiswahili. Tunabishana hadi vitenzi. Mwaka huu waliandika "Anayesema asikatizwe hadi amalize." Waliandika "Aliyekosa shule jana aulize jirani yake kabla ya kumuuliza mwalimu." Kisha msichana wa nyuma akapendekeza "Na mwalimu pia asubiri", tukaipigia kura ikapita. Naivunja mara kwa mara, nao hunikumbusha kwa kuonyesha ukuta kwa kidole.

Mwalimu mkuu wetu bado hupita dirishani. Husimama zaidi siku hizi, kwa sababu kutoka nje yale mazungumzo ya wawili wawili husikika kama fujo. Nimemwomba asigonge dirisha. Aingie, aketi dawati la nyuma, na aliye karibu naye atamtegea.