Kuchati na AI kunatosha kwa barua. Kwa oda za kila siku unahitaji mfumo

Ofisi nyingi za Mbeya mjini, Iringa na Mafinga siku hizi hazikosi mtu mmoja anayejua "kuiuliza ChatGPT". Barua ya kuomba mkopo, tangazo la parachichi, jibu la mteja mkali: anaandika ombi, anakopi jibu, anabandika WhatsApp. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, hayo ndiyo matumizi yaliyoenea, na hayana ubaya. Ila ukizihesabu hatua utaona kazi haijapungua sana. Kila asubuhi mazungumzo yanaanza upya: mtu aeleze tena duka linauza nini, akopi tena, asahau leo sharti alilolikumbuka jana. Akiugua, kazi inalala.

Kuhama kutoka hapo hadi kwenye kazi inayojiendesha hakudai AI kubwa zaidi wala kifurushi cha bei mbaya. Kunadai kazi moja inayoweza kuelezwa yote kwenye ukurasa mmoja, jedwali lenye safu zenye majina, na mtu wa kukagua. Modeli yenyewe, yaani ile AI inayosoma na kuandika majibu, ni sehemu ndogo kuliko zote, na ndiyo watu wanayoihangaikia zaidi.

Tamaa ya kwanza ya kila mwenye biashara ni roboti ya kuwajibu wateja. Mimi ningeiweka mwisho kabisa. Roboti hiyo inazungumza kwa jina lako bila mtu kuiangalia, na modeli ya lugha ikikosa bei haioni haya kubuni. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa na roboti ya tovuti yake maelezo yasiyo sahihi kuhusu nafuu ya nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kwamba roboti inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Utetezi ukatupwa. Mteja wa duka la Mwanjelwa akiahidiwa na roboti punguzo ambalo halipo, mwenye duka atamkuta mlangoni kabla hata ya kufikiria baraza.

Kazi nzuri ya kuanzia inarudi mara nyingi kwa siku, ina umbo lilelile, na kosa lake linaonekana kabla pesa au mzigo haujaondoka. Kusoma oda zinazoingia kwa ujumbe ni mfano mzuri. Chukua yadi ya mbao Mafinga. Ujumbe wa kawaida uko hivi:

"Habari boss, naomba 2x4 za dawa 60, na 1x8 30 za kawaida, futi 12 zote. Ile 2x2 ya juzi ongeza 20. Gari inakuja kesho saa 4. Mzigo wa Dodoma."

Karani mzoefu anausoma kwa sekunde kumi. Mashine inatakiwa itoe mistari mitatu, kila mmoja na safu zake: kipimo, urefu, dawa (mbao zilizotiwa dawa) au kawaida, idadi, siku ya kuchukua, saa, mzigo unakokwenda, maelezo. Tazama mitego iliyomo. "Futi 12 zote" inaigusa 2x2 au haiigusi? "Ya juzi" ni oda ambayo mashine haijaiona. Na 2x2 ina dawa au haina? Modeli ikiachwa huru itajaza nafasi zote tatu kwa ujasiri, na mstari utapendeza macho. Kwa hiyo sentensi yenye thamani kuliko zote katika maelekezo yako ni hii: kama jambo halimo ndani ya ujumbe, andika TUPU na ueleze kwenye safu ya maelezo ni nini kimekosekana.

Maelekezo yenyewe yasizidi ukurasa. Orodhesha safu, na kwa kila safu taja thamani zinazoruhusiwa tu: kipimo kiwe kati ya 2x2, 2x3, 2x4, 2x6, 1x8 na vingine mnavyouza, nje ya hapo TUPU. Weka mifano mitano hadi minane ya ujumbe halisi na jibu lake sahihi, miwili ikiwa ya ujumbe mbovu. Mifano inafundisha kuliko maelezo marefu. Dai jibu kwa muundo wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa jina la safu na thamani yake, maana programu inayofuata haiwezi kusoma "Sawa kabisa, hii hapa oda yako". Kipimo cha ubunifu, kinachoitwa temperature, kama modeli yako inakiruhusu kishushe hadi 0.

Usiiombe ikokotoe bei. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalovunja mifumo mingi. Modeli ya lugha inakisia maneno yanayofuata, na hesabu yake inaweza kuwa sahihi mara nyingi kisha ikakosea mara moja pasipo dalili yoyote. Bei ikae kwenye karatasi yake ndani ya jedwali, fomula ya kutafuta iitwayo VLOOKUP iivute, na zidisho lifanywe na fomula. VAT, kama umesajiliwa, vivyo hivyo. Risiti itoke kwenye mashine ya EFD kama kawaida, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ishughulikiwe na mtu anayejua kilichopakiwa kweli kwenye lori.

Ujumbe unaingiaje? Usianze kwa kuiunganisha WhatsApp moja kwa moja. Anza na Google Forms yenye visanduku vitatu: jina la mteja, simu, na ujumbe wenyewe. Karani anabandika, anatuma. Fomu inaandika kwenye Google Sheets, na hapo Apps Script, sehemu ya Google ya kuandikia programu ndogo za jedwali, ambayo haina malipo, inaamshwa kila baada ya dakika tano. Inachukua mistari yenye hali ya MPYA (safu ya hali naieleza chini kidogo), inaupeleka ujumbe kwa modeli kupitia API, yaani mlango ambao programu inapita bila mtu kufungua dirisha la kuchati, na kuandika majibu kwenye karatasi ya pili iitwayo RASIMU. Apps Script inakata kazi yoyote inayozidi dakika sita, basi ichukue mistari kumi kila mzunguko na mingine ingoje zamu. Ufunguo wa API uweke kwenye sehemu ya Script Properties. Usiuandike ndani ya msimbo, na kumbuka kwamba hata huko kila unayemshirikisha jedwali pamoja na haki ya kuhariri anaweza kuufikia.

Safu ya hali ndiyo uti wa mgongo: MPYA, INASOMWA, RASIMU, IMEKAGULIWA, IMEKWAMA. Umeme ukikatika Uyole au mtandao ukigoma, unajua kila ujumbe ulikwamia wapi. Kando yake weka safu ya idadi ya majaribio, na majaribio matatu yakishindikana mstari uende IMEKWAMA na mtu aitwe. Bila kikomo hicho, ujumbe mmoja wenye kasoro utarudiwa kila dakika tano usiku kucha, nawe unalipia kila mzunguko. Kwenye akaunti ya API weka pia kikomo cha matumizi kwa mwezi siku ileile unayoifungua.

Malipo hayo yanahesabiwa kwa tokeni, vipande vya maneno, na maneno ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza. Maelekezo yako yanasafiri pamoja na kila ujumbe, kwa hiyo ukurasa mrefu unaulipia kila mara. Modeli ndogo ya bei nafuu inatosha kwa kazi ya kupanga oda. Ile kubwa iache kwa barua zako.

Sasa yale yatakayokuponza hapa kwetu, ambayo video za mafunzo kutoka nje hazitakwambia. Saa ni la kwanza. "Kesho saa 4" kwa dereva wa lori ni saa nne asubuhi, kwa kompyuta 10:00. Modeli mara inaandika 04:00, mara 16:00, mara inapatia. Ikataze kugeuza. Iandike "saa 4" na "asubuhi" kama zilivyo, au TUPU kama mteja hakutaja kipindi, kisha fomula igeuze: asubuhi, mchana na jioni ongeza 6, usiku na alfajiri ongeza 18, na ikifika 24 au zaidi toa 24. Saa 12 asubuhi na saa 1 jioni zitie kundi la usiku, la sivyo gari la kupakia alfajiri litaandikiwa 18:00.

Pesa inafuata. "Laki mbili na nusu" ni 250,000, na nimeona jinsi mashine inavyoweza kuisoma 200,000 na senti hamsini. "Buku tano", "mia nane" iliyokusudiwa laki nane kwa sababu bei ya mzigo inajulikana, "1.2M": yote hayo yaingie kwenye mifano. Kwa wanaokusanya viazi au mahindi, gunia ni tatizo zaidi ya pesa. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo, na gunia la kilo mia hayawezi kukaa safu moja. Idadi iwe safu moja, aina ya kipimo safu nyingine, na kilo zijazwe baada ya mizani tu.

Sauti za WhatsApp zichelewesheni. Mteja wa Tukuyu anayechanganya Kinyakyusa na Kiswahili huku pikipiki inanguruma atabadilishwa kuwa maandishi yenye sarufi nzuri na maana nyingine. Karani asikilize, aandike mstari mmoja, abandike. Picha za daftari la mkono nazo zina shida hiyohiyo, hasa 1 na 7.

Kuna mteja anayetuma oda ileile mara mbili kwa kuwa hakuona jibu. Ukaguzi rahisi unatosha: simu moja, siku moja, kipimo na idadi vilevile, mstari upakwe rangi ya njano. Mfumo usiufute wenyewe, maana mara nyingine kweli anataka mbili.

Kabla ya kuuamini mfumo, kusanya ujumbe wa zamani hamsini na uandike kwa mkono majibu yake sahihi. Endesha wote, linganisha safu kwa safu. Kila ukibadilisha neno kwenye maelekezo, au mtoa huduma akitoa toleo jipya la modeli, rudia ujumbe huo hamsini. Taja toleo kamili la modeli kwenye msimbo badala ya jina la jumla, vinginevyo inaweza kubadilishwa chini ya miguu yako bila taarifa. Hatua hii inachosha na karibu kila mtu anairuka. Ukiniuliza, hapa ndipo unapomtofautisha mwenye mfumo na mwenye bahati.

Mkaguzi naye ana udhaifu wake. Wiki ya kwanza anasoma kila mstari. Mashine ikipatia mfululizo anaanza kutiki bila kuangalia. Usiweke kitufe cha "kubali zote". Onyesha ujumbe wa asili pembeni ya rasimu kwenye skrini ileile, safu zenye TUPU ziwe nyekundu, na mara kwa mara mwenye yadi apenyeze mstari wenye kosa la makusudi aone kama utakamatwa. Mkaguzi awe yuleyule karani anayejua kwamba mteja fulani akisema "zile nene" ana maana ya 2x6. Kijana wa kompyuta asiyeijua mbao hawezi kazi hiyo.

Upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa ukusanyaji wa taarifa za watu pamoja na kuzisafirisha nje ya nchi. API nyingi ziko nje. Ndiyo maana fomu ina visanduku vitatu: kinachotumwa ni kisanduku cha ujumbe peke yake, jina na simu vinabaki kwenye jedwali. Ndani ya ujumbe, msimbo ufute kwanza namba yoyote yenye umbo la simu, inayoanza na 0 au +255, na mfululizo wa tarakimu 20 za NIDA. Zahanati isijaribu haya kwa mafaili ya wagonjwa bila ushauri wa kisheria.

Mfumo ukitulia ndipo WhatsApp iunganishwe, kupitia njia rasmi ya biashara. Huko kuna kanuni ya saa 24: baada ya muda huo tangu mteja alipoandika mara ya mwisho, unaruhusiwa kutuma ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa tu. Programu za mkato zinazojifanya WhatsApp Web ni nafuu, lakini namba ikifungiwa umepoteza wateja wako wote kwa asubuhi moja. Ujumbe wa kwanza wa kujituma uwe wa "oda yako imepokelewa, inakaguliwa", bila bei.

Duka linalopokea oda tano kwa siku lisijisumbue. Daftari linashinda, na halihitaji bando.

Jambo la mwisho ni la umiliki. Mifumo mingi midogo hujengwa na mpwa wa bosi kwa Gmail yake mwenyewe. Anapata kazi Dar, anafunga akaunti, na vichochezi vyote vya Apps Script, yaani mipangilio inayoiamsha kila dakika tano, vinazimika kwa sababu vinaendeshwa kwa ruhusa ya aliyeviwasha. Fungua akaunti kwa jina la biashara, na namba ya simu ya kuithibitisha iwe laini ya ofisi. Maelekezo ya modeli, orodha ya safu na ule ujumbe hamsini vichapishwe, viwekwe kwenye faili moja na leseni ya biashara.