Paulo naye alimpeleka mpwa wake kwa jemadari

Kuna maneno yananikera kila nikiyasikia kanisani: "Ukiogopa, huna imani." Mara nyingi anayeyasema ni mtu ambaye hajatishwa na yeyote mwaka huo.

Huku Masasi, kusini mwa Tanzania, vitisho vina msimu wake. Mikorosho ikianza kutoa maua na watu wakianza kupiga hesabu za mnada, ndipo mipaka ya mashamba inapokumbukwa. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, alikuta kwenye mkorosho wa mpakani kitambaa chekundu kimefungwa kwa kamba ya katani, ndani yake vipande vya mkaa na kucha za kuku. Jioni ikaingia meseji kwa namba ngeni: msimu huu huokoti. Kwa anayesoma akiwa mbali ni kichekesho. Kwa mwanamke anayelala peke yake na watoto, jirani na shemeji aliyekwisha kutamka kwamba shamba ni la marehemu kaka yake, hakuna cha kuchekesha hapo.

Wako waliomwambia aende kwa mganga, dawa ya moto ni moto. Hao nimeshawazoea. Wengine, watu wa sala kabisa, wakamwambia afunge na asimwambie mtu: "Mama, wewe mwachie Mungu." Hawa ndio ninaotaka kuzungumza nao.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 23. Usiku Bwana anasimama karibu na Paulo, anamwambia awe na moyo mkuu, kwamba atamshuhudia hata Rumi. Kunakucha, watu zaidi ya arobaini wanaapa wasile wala wasinywe mpaka wamuue. Mtoto wa dada yake anazipata habari, anaingia ngomeni kumweleza. Ahadi ya Mungu haijamaliza hata siku mbili masikioni mwa Paulo! Angeweza kumwambia kijana arudi nyumbani akasali. Badala yake anamwita akida, anasema mpeleke huyu kwa jemadari, ana neno la kumwambia. Usiku ule anatolewa Yerusalemu akilindwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. (Wale walioapa sijui walikula lini.) Luka, aliyeandika habari hizi, hamlaumu Paulo popote. Aliyeahidiwa kufika Rumi aliweza kusikia njama ya kuuawa bila kupagawa, akajua amtume nani kwa nani.

Kanisa la huku Kusini lilianza hivyo hivyo. Askofu Steere wa Kianglikana alileta Masasi watumwa walioachiwa huru mwaka 1876. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, wengine wakachukuliwa mateka, na makao ya misheni yakahamishiwa Newala. Walihama, na sala zao wakahama nazo.

Lakini si kila mara mtu anawahi kuhama. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, Askofu Mkatoliki Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa njiani kwenda Liwale. Misheni ya Nyangao ikachomwa, na Sista Walburga hakupona. Mtu anayehubiri kwamba ukimtumaini Mungu hakuna kitakachokugusa, aje atueleze habari ya hao. Hawakusali? Mimi nasimama na wale vijana watatu wa Babeli, waliotishiwa tanuru la moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme: Mungu wetu aweza kutuokoa, na hata asipotuokoa, sanamu yako hatuisujudii. Hapo hakuna uhakika wa kupona. Kuna uhakika wa nani anaabudiwa, na hirizi ya mganga inashindwa papo hapo. Na mwaka mmoja tu baada ya mauaji yale, 1906, misheni ya Ndanda ikaanza huku huku Kusini.

Huyu mama mwishowe alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kina mama wawili wa jumuiya, akaionyesha meseji. Kitambaa alikuwa ameshakichoma, mchana kweupe, baada ya kusali Zaburi ya 27. Mwenyekiti akamfokea kidogo, kwamba ule ulikuwa ushahidi. Shauri sasa liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Hofu haijamwisha. Mbwa wakibweka usiku anaamka na kukaa kitako, ameniambia mwenyewe.

Wale waliomwambia amwachie Mungu niliwauliza kama wako tayari kwenda kulala kwake kwa zamu mpaka shauri liishe. Wawili wamekubali. Mmoja amesema ataombea akiwa nyumbani.