Moshi unaopoza dunia si moshi wa Usangu

Agosti ikiingia, mashamba ya Usangu, mkoani Mbeya, huanza kuchomwa, nyasi za Chunya zinawaka, matanuri ya matofali yanafuka, na hadi mvua za Novemba ukiwa Uyole huuoni vizuri mlima Loleza. Kwenye ukungu huo mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema chembechembe za angani hukinga jua na kuipoza dunia, na kwamba hewa ikisafishwa joto litapanda. Wengine huwajibu kwamba huko ni kutetea uchafuzi. Hao wa kwanza wanahukumiwa bila kusikilizwa, kwa sababu sehemu kubwa ya wanayosema ni kweli.

Chembe za salfa, zinazotoka hasa kwenye makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa, hurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani. Ndani ya mawingu hufanya zaidi: mvuke hujishika juu ya chembe, na chembe zikiwa nyingi, maji yaleyale hugawanyika katika matone mengi madogo, wingu likawa jeupe zaidi na kuakisi jua zaidi. Mwanasayansi Sean Twomey alilieleza hilo miaka ya 1970. Mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha salfa juu sana, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili.

Hiyo nusu nyuzi ilinganisheni na hesabu ya leo. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya 2021 inakadiria kwamba kufikia muongo wa 2010 hadi 2019 dunia ilikuwa imepata joto kwa takribani nyuzi 1.1 tangu karne ya 19, wakati gesi joto, kama kabonidayoksaidi, peke yake zingeipandisha kwa takribani 1.5. Pengo hilo hasa ni kazi ya chembe, na salfa ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Makadirio yake yana upana mkubwa, lakini maana yake iko wazi: joto letu halisi limefunikwa. Na kifuniko chenyewe hakidumu. Chembe hizi, zikiwa chini kwenye hewa tunayovuta, hunyeshewa na kudondoka ndani ya siku au wiki chache. Kabonidayoksaidi inakaa karne. Tangu 2020 meli za kimataifa zimelazimika kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka 3.5, na China imepunguza salfa yake kwa kasi tangu 2013. Kifuniko kikipungua hivyo, joto lililofichwa hujitokeza: kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe, mazao yanayotegemea ubaridi wetu, zitakutana na joto hilo bila mkulima kuongeza hata gunia moja la mkaa. Anayesema haya anatuonya mapema, wala hatetei uchafu.

Upande wa pili una hoja isiyohitaji maneno mengi: Shirika la Afya Duniani linahusisha hewa chafu, ya nje na ya majumbani, na vifo vya takribani milioni 7 kila mwaka. Hakuna ubaridi unaohalalisha hilo.

Ninapokataa ni pale hoja ya salfa inapohamishiwa kwenye moshi wa mabua yetu. Moshi wa moto wa nyasi una masizi meusi, na masizi hunyonya jua. Ukipita juu ya mawingu meupe, kama unavyopita kila mwaka moshi wa kusini mwa Afrika juu ya bahari ya Angola na Namibia, unaweza kuongeza joto. Ukiingia ndani ya mawingu, unaweza kuyafanya yang'ae. Na matone yakiwa madogo mno, mawingu yasiyo marefu kwenda juu hushindwa kunyesha kwa urahisi. Jibu linategemea moshi uko juu kiasi gani, rangi yake na kilichoko chini yake.

Kwa hiyo bwana shamba anayemzuia mkulima wa Mbarali kuchoma mabua asimtishe kwa joto la dunia, hesabu ambayo bado inabishaniwa. Amwambie kwamba mabua yaliyoachwa shambani hutunza unyevu na kulisha udongo, na kwamba watoto wake ndio wa kwanza kuuvuta moshi ule.